Kidole cha Maalim

Maalim alikuwa na tabia ya kukatiza aya. Anaanza kusoma kwa sauti yake ile nzito, anafika katikati, ananyamaza, halafu kidole chake cha shahada kinanyanyuka mpaka usawa wa sikio. Hapo kila mtoto aliyekuwa akitafuna chingamu anaimeza, maana zamu imemfikia mtu na huenda ni yeye. Lazima mwanafunzi aipokee aya pale ilipoachwa aiendeleze. Akiipokea sawasawa, kidole kinashuka. Akishindwa, Maalim anauvuta mto.

Mto nitaueleza. Chuo chake cha Kurani kilikuwa chumba cha juu ya duka la vitambaa, Ladypool Road, Birmingham, na alipoanza kusomesha pale aliambiwa kwamba katika nchi hii mtoto hachapwi. Hakubishana na serikali. Alishuka dukani akanunua mto mwekundu wa kochi, na kuanzia siku hiyo makosa yote ya watoto yakawa yanalipwa na mto. Mkosaji anasimama mbele, kosa lake linatajwa kwa kirefu pamoja na mazingira yake, kisha Maalim anauchapa mto kwa rula huku mwenye kosa akitazama. Wakubwa walicheka mpaka wakashika mbavu. Wadogo waliuombea msamaha. Kulikuwa na kitoto kimoja cha kike kutoka Alum Rock, kilikuwa kikifika mapema kuliko wenzake ili kipate nafasi ya kuukumbatia kabla ya masomo.

Mimi nilimjua kwa sababu ya gari. Nilikuwa nimepanga chumba nyumba mbili kutoka kwake, Sparkbrook, katika mtaa ule wa nyumba za matofali zilizoshikana, ambako ukipiga chafya jirani anakuombea dua. Nilikuwa naendesha basi dogo la kukodi, na Maalim alikuwa na watoto wa kubebwa. Lakini mimi si mtu wa kukaa. Nimelelewa Mombasa, nikafanya kazi Muscat, nikaishi Rotterdam, nikaja Birmingham, nikaenda Leicester, nikarudi. Mtu akiniuliza kwetu ni wapi, huwa namuuliza anataka kujua kwetu kwa mwaka gani.

Kwa hiyo Maalim aliniita Msafiri. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza sala, zile za rakaa nne akazisali mbili, na Maalim alishikilia kwamba mimi nimeifanya ruhusa ile kuwa makazi. Aliwaambia wageni mbele yangu, "Huyu begi lake la mwisho alilifungua Rotterdam. Tangu hapo anasali mbili mbili." Haikuwa kweli, au haikuwa kweli yote. Ilikuwa miaka ile redio za hapa zikibishana asubuhi na jioni kuhusu kutoka Ulaya, na yeye alikuwa akiisikiliza mizozo ile kwa raha huku anakunywa chai ya tangawizi. Siku moja aliniambia, "Hawa wanataka kutoka mara moja tu, angalia wanavyosumbuka. Wewe umeingia na kutoka mpaka mlango umelegea, na hakuna aliyekupigia kura."

Alikuwa mtu wa mambo yanayopingana, na hakuona haya. Alipiga marufuku simu darasani, na ya kwake ilikuwa inawika kama jogoo. Alisema sukari ni adui wa mwanadamu huku mfuko wa koti lake umefutuka kwa halua iliyofungwa kwenye karatasi ya choo. Watoto aliwasemesha Kiswahili cha Unguja, wao wakamjibu kwa Kiingereza cha Birmingham, na yeye akaendelea kana kwamba amejibiwa kwa lugha yake, na mazungumzo yakafika mwisho bila upande wowote kusalimu amri. Wenye maduka wote wa mtaa waliamini kwamba hajui Kiingereza. Nami niliamini hivyo, mpaka siku nilipoandikiwa faini ya kuegesha gari mbele ya mlango wake. Akatoka ndani, akamshukia mwandika faini kwa Kiingereza cha shule za zamani, kirefu, chenye heshima nyingi na huruma kidogo. Yule bwana aliondoka akituomba radhi, ingawa karatasi ya faini aliiacha palepale kwenye kioo.

Na soksi. Kiangazi na kipupwe Maalim alivaa makubadhi, na baridi ikizidi alitia soksi ndani yake, lakini sijapata kumwona na soksi mbili za jamii moja. Mguu huu kijani, mguu huu wa manjano wenye mistari. Nilipomuuliza, alisema soksi zinazofanana ni za watu wasio na jambo jingine la kufikiria.

Jambo alilolipenda kuliko halua lilikuwa pembea. Hivyo ndivyo alivyoliita, pembea, kama zile za Idi za kwao, ingawa tulikokwenda sisi ni bustani kubwa ya michezo, zaidi ya saa moja kwa gari kutoka mjini, yenye reli zinazopaa angani na kujikunja kama utumbo. Kila mwaka aliwapeleka waliohitimu juzuu, na kila mwaka aliwapeleka mwishoni mwa msimu, Novemba inapoanza, bustani ikiwa karibu kufungwa hadi majira ya kuchipua. Wazazi walilalamika juu ya mvua. Yeye alisema mvua ndiyo inayowachuja wenye nia. Pia alisema ni vizuri mtoto ajifunze mapema kupiga kelele za hofu, ili siku ya kelele zenyewe asije akaonekana mgeni.

Nami niliupenda mwisho ule wa msimu, kwa sababu zangu. Vibanda vya aiskrimu vimefungwa kwa maturubai. Farasi wa plastiki wanazunguka bila mpandaji, na muziki wao unacheza vilevile. Mfanyakazi anafagia majani mahali palepale yanapoangukia mengine. Nilikuwa nikisimama pale naukumbuka uwanja wa Makadara kule Mombasa, siku ya nne ya Idi, mabembea ya mbao yanafunguliwa misumari, muuza mabuyu anauza kwa bei ya kujitoa. Siku ya kwanza ya sikukuu ni ya kila mtu. Ya mwisho ni ya watu kama mimi.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, tulikwenda na mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Alikuwa Msomali aliyekulia Nairobi, akapitia Uholanzi, sasa anakaa Edgbaston kwenye miti na utulivu, mtu mwema, mpenda mipango. Hakuja kupanda chochote. Alikuja kumtazama Maalim. Wazazi walikuwa wameanza kunong'ona kwamba mzee anaruka aya, kwamba anakatiza na kunyanyua kidole, mtoto anaendelea mpaka mwisho wa sura, na kidole bado kiko juu. Kamati ingekutana Jumatatu. Palikuwa na kijana aliyehitimu Madina, tayari kuanza, na palikuwa na programu ya kwenye tableti inayosahihisha matamshi yenyewe. Mwenyekiti aliniambia pembeni, tukingoja watoto wapande gari, "Mimi sina ubaya na mzee, wallahi. Lakini kama amechoka, si tumpumzishe?"

Maalim akipumzishwa alikuwa anabaki na redio. Mkewe alikuwa ameshafariki, wanawe wako Kanada, wanampigia Jumapili jogoo anawika. Isitoshe mimi nilikuwa najua jambo ambalo mwenyekiti hakulijua, kwa kuwa nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa lile jioni nyingi nikisubiri watoto. Maalim anapomjaribu mwanafunzi, kidole kinanyanyuka papo hapo. Lakini siku hizi kulikuwa na kunyamaza kwa namna ya pili. Aya inakatika, na mkono unakwenda kwanza kwenye kifungo cha juu cha koti, unakisokota, unakisokota, ndipo kidole kinanyanyuka. Wakati huo hakumjaribu mtu. Alikuwa anaomba msaada, na watoto walimpa bila kujua.

Yeye mwenyewe alijua mwenyekiti amefuata nini. Akaagiza akalishwe mbele karibu na mimi, aione njia vizuri, maana mtu anayekwenda kupima wengine asije akatapika.

Tulipofika, mvua ilikuwa ya rasharasha na watu wachache. Watoto walikwenda kwenye reli zao wakarudi wamepoteza rangi na sauti. Maalim alipanda vikombe vinavyozunguka, akapanda tena, akashuka anatembea kwa upande kama kaa na kusema amepona mgongo. Mwishowe watoto walimkokota kwenye nyumba ya mazimwi, iliyokuwa imebaki wazi kwa siku zile za mwisho.

Sasa, mlangoni pa nyumba ile walikuwa wametandika zulia jekundu, refu, limeingia mpaka gizani. Maalim alipoliona hakusita. Alivua makubadhi, akayaweka ubavuni pa ukuta, kisigino kwa kisigino. Watoto wakavua, wakapanga. Mwenyekiti akavua viatu vyake vya ngozi kabla hajajua anafanya nini. Mimi nikavua. Si jambo la kufikiria, mtu aliyelelewa akalelewa haingii kwenye zulia na viatu. Nyuma yetu kulikuwa na familia moja ya Kizungu, baba, mama na vijana wawili, wakatutazama, wakatazamana, wakainama kufungua kamba. Nyuma yao wengine. Mfanyakazi wa mlangoni, aliyekuwa amesinzia kwenye simu, aliponyanyua macho alikuta safu mbili za viatu zimepangwa kama mlango wa msikiti siku ya Ijumaa, na mama mmoja wa makamo anamuuliza kwa adabu kama soksi zinaruhusiwa kubaki.

Tukaingia hivyo, kwa soksi, Maalim mbele, watoto wameishika kanzu yake, mwenyekiti nyuma yao na mimi wa mwisho. Ndani kulinuka moshi wa bandia na rangi mpya. Mafuvu yalicheka, buibui wa manyoya akashuka, watoto wakapiga kelele kwa furaha. Tukafika kwenye chumba chenye jeneza. Mfuniko ukafunguka. Likatoka zimwi refu, uso mweupe, nywele mpaka kiunoni, minyororo mikononi, likapiga ukelele ambao hata sasa nikiukumbuka najikagua.

Mwenyekiti akalishika koti langu kwa mikono miwili na kujificha ndani yake. Watoto wakaganda. Na Maalim, ambaye dakika moja nyuma alikuwa akiyakosoa mafuvu, akaanza kuisoma kwa sauti kubwa ile aya ambayo kila mama wa pwani humsomea mtoto akiota vibaya. Aliisoma vizuri. Akafika katikati, akanyamaza.

Nikautazama mkono wake katika mwanga ule mwekundu. Ulikwenda kwenye kifungo.

Alikisokota. Watoto walimgeukia wote, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa hofu. Mimi aya ile naijua tangu sijajua kufunga saruni, na ulimi wangu ulikuwa umelala kama jiwe. Kifungo kikaendelea kuzunguka. Hapo ndipo nilipoona zimwi limeshusha minyororo, limeinamisha uso, linatazama chini, kwenye soksi za Maalim. Mguu huu kijani, mguu huu wa manjano wenye mistari.

Likaipokea aya. Kwa sauti ya kike, nyembamba, yenye lafudhi ya hapahapa Birmingham, liliipokea palepale ilipoachwa, likaiendeleza bila kukosea neno mpaka mwisho, limenyooka, macho chini, mikono imekunjwa kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

Kidole cha Maalim kilikuwa kimeshanyanyuka, sijui saa ngapi. Kikashuka.

"Herufi ya koo inatoka kooni," alisema. "Wewe bado unaitoa puani. Nilikwambia tangu zamani."

"Samahani, Maalim," likajibu zimwi, likarudi jenezani na kujifunika.

Watoto hawakuhitaji zaidi. Tulipotoka nje, tayari Maalim alikuwa amewahi kusomesha majini. Tulipofika njia kuu, jini lile lilikuwa limehitimu na cheti. Jumapili, Sparkbrook nzima ilikuwa na habari, na muuza samosa wa kona aliniuliza kama darasa la majini ni siku gani ili asipite njia ile.

Lakini kabla ya kuondoka bustanini, nilirudi nyuma ya nyumba ile kutafuta kiatu cha mtoto kilichochukuliwa na Mzungu kwa makosa, nikamkuta Maalim na zimwi. Zimwi lilikuwa limevua nywele. Alikuwa Ruwaida, binti wa mitaa yetu, aliyemaliza chuo kwa Maalim miaka kadhaa iliyopita na sasa yuko chuo kikuu. Uso mweupe ulikuwa umechirizika kwa machozi au mvua.

"Maalim, plizi, usimwambie mama," alikuwa anasema. "Yeye anajua wikendi niko kwa duka la dawa."

Maalim akamega halua, akampa kipande. "Sikumwona mtu mimi," alisema. "Nilimwona jini." Mkono wake ukaenda kwenye kifungo. "Na wewe uliona nini?"

Ruwaida alikitazama kile kifungo. "Nilimwona Maalim ananijaribu," alisema.

"Basi bustani ikifungwa, Jumamosi njoo ukae karibu yangu darasani. Usiseme kitu. Nikinyamaza, wewe endelea."

Jumatatu kamati ilikutana. Nimesimuliwa kwamba mwenyekiti alisimama kutoa taarifa, na mzazi mmoja akamwomba kwanza athibitishe ile habari ya jini, kwa kuwa alikuwepo. Mwenyekiti alikuwa na njia mbili. Aseme mzee alikwama, na aulizwe yeye aliona vipi wakati uso wake ulikuwa ndani ya koti la dereva, au aseme mzee alikuwa anasomesha. Alisema mzee alikuwa anasomesha. Kijana wa Madina akapata kazi kwingine, na tableti wakapewa watoto wa mwenyekiti.

Miezi michache baadaye nilifunga begi. Safari hii ilikuwa Glasgow, kwa sababu ambazo zilionekana za maana wakati ule. Maalim alinitoa mpaka kwenye gari, akaniuliza kama Glasgow wanasali mbili au moja.

Nilirudi Novemba, mwaka wa pili wake, kwa siku moja tu. Nilikuwa nashuka na basi dogo tupu kulipeleka kwa mnunuzi wa London, nikasema nilale njiani, asubuhi niendelee. Ladypool Road harufu ilikuwa ileile, mkate wa tanuri na nyama ya mkaa. Chuoni nilimkuta Ruwaida kwenye kiti cha Maalim, anafunga mikoba ya watoto. Mto mwekundu ulikuwa pembeni, umetiwa kiraka. Aliniambia Maalim hapandi ngazi tena. Asubuhi anakwenda kwake kumsomea, wanasoma pamoja, akinyamaza anaendelea.

"Shida ni jioni," alisema. "Anasali isha peke yake, anakwama. Hakuna wa kumfungulia, wa kumkumbusha aya, so anaanza upya. Ukuta ni mwembamba, jirani anamsikia. Anaanza, anaanza. Kuna siku anachoka, analala palepale."

Nikaenda. Alifungua mlango mwenyewe, koti juu ya kanzu, soksi za jamii mbili. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Halafu akasema, "Msafiri. Umepanda pembea gani mwaka huu?" Nikamwambia nimepanda barabara. Akaguna, akanikatia halua, akanieleza kwamba bustani inafungwa wiki ile na kwamba zimwi lao jipya halijui kusoma, watoto wamemwambia.

Novemba isha haichelewi. Nje palikuwa na giza na watu ndiyo kwanza wanatoka kazini. Alitandika miswala miwili bila kuniuliza. Nilisimama kuliani kwake, nyuma kidogo, kama inavyopasa wakiwa wawili, na nikijua kwamba msafiri akisali nyuma ya mwenyeji hana ruhusa ya kupunguza.

Katika rakaa ya kwanza alisoma sura fupi, akaimaliza. Katika ya pili alianza aya ile ya nyumba ya mazimwi. Alifika katikati, palepale, akanyamaza.

Nilisubiri kidole. Lakini mtu akisali mikono imefungwa kifuani, hakuna kidole na hakuna kifungo. Sikuwa na njia ya kujua kama ananijaribu. Nilisikia redio ya jirani ikipunguzwa sauti upande wa pili wa ukuta.

Safari hii ulimi ulinyanyuka. Nikaipokea aya. Akaidaka neno la pili, tukaenda nayo pamoja mpaka mwisho, akarukuu. Tukasali ya tatu na ya nne.

Baada ya salamu alibaki amenipa mgongo. Kisha kidole chake kikanyanyuka, polepole, kimechelewa, mpaka usawa wa sikio.

"Nilikuwa nakupima," alisema.

"Najua, Maalim."

Kidole kikashuka. Akakunja mswala wake, wangu akauacha chini.

"Umesali nne," alisema.

Funguo za basi zilikuwa zinanichoma mfukoni, na London walikuwa wananingoja asubuhi. Nikamuuliza isha ya kesho inaingia saa ngapi.